Milembe Hakuwa Mpole

Milembe, mpagazi wangu mvivu,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Mimi nipo, nimekaa darasani peke yangu mchana huu wa Jumapili, kwenye dawati letu la dirishani, na wenzetu wamelala kwa uchovu wa jana. Jana ilikuwa mahafali yetu. Nimeona nikuandikie mapema kabla sijaanza kuchanganya nani alisema nini, maana wewe ukisimuliwa jambo nusunusu ulikuwa unanuna siku nzima.

Nianze na yaliyobadilika. Kisima cha nyuma ya bweni kimefungwa pampu na maji yanafika mpaka bafuni. Hakuna tena anayebeba ndoo. Najua ungesema wamengoja ufe ndipo wavute bomba, kwa hiyo nililisema mimi kwa niaba yako, tena mbele ya mwalimu wa zamu. Alicheka, halafu akaona haya akaondoka. Kitanda chako amepewa binti wa kidato cha tano kutoka Songea, mtaratibu, anatandika shuka mpaka linanyooka. Nilimchukia wiki nzima bila kosa lolote. Sasa tunasalimiana.

Na yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa kule Mtendeni, uliyekuwa unamwita babu ili akuongezee kipande, alikuwa bado ananiuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Kila mara nilijibu kwamba yupo kwao. Si uongo, upo kwenu Lusu, Nzega, ardhini. Lakini juzijuzi nikashindwa, nikamwambia. Aliweka mkasi chini, akakaa kwenye kile kigoda chake, akasema "Inna lillahi", basi. Sikununua kitu, na hata nilichokuwa nimefuata sikukikumbuka.

Milembe, tulifika hapa hatujuani hata kidogo. Nilishuka kwenye basi kutoka Mbagala miguu imevimba, nikakukuta getini umekalia sanduku lako la bati kana kwamba shule ni ya baba yako. Ukaniuliza kabila. Nikasema Mzaramo. Basi! Ulinyanyuka, ukachukua mfuko wangu wa korosho alionipa bibi, ukaanza kutafuna mbele ya macho yangu. "Korosho za mtani ni zangu," ulisema. "Ukinuna umevunja mila."

Nilitaka kulia. Kule kwetu Dar utani niliujua kwa kuusikia tu, mambo ya wazee kwenye misiba, wanatukanana halafu wanakula pamoja. Wewe ndiye uliyenikalisha ukanifundisha kwamba babu zako Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka hapahapa Tabora mpaka pwani, babu zangu Wazaramo wakiwapokea kule mwisho wa njia, na kwa kuwa walikuwa wakigombana, wakiuguzana na kuzikana, wakakubaliana kwamba baina yao hakuna tusi litakaloleta ugomvi. "Tena mtani ndiye anayezika," ukasema. "Mimi nikifa wewe ndiye utakayenisema vibaya mpaka wafiwa wacheke. Ndiyo kazi yako." Mdomo wako ulikuwa umejaa korosho zangu wakati huo.

Nikajifunza haraka. Asubuhi ya foleni ya maji nilikuwa nakupigia kelele, "Beba, mpagazi, msafara unaondoka!" Nawe unajibu kwamba Mzaramo kazi yake kulala chini ya mnazi akisubiri dafu limwangukie mdomoni. Michembe yako niliiita kuni. Ulikuwa unanikatia kipande, unanitazama ninavyotafuna viazi vile vikavu mpaka taya linauma, unaniambia sasa nimeota meno ya watu wa bara. Darasa letu zima la HKL lilidhani tunachukiana. Unamkumbuka mwalimu wa malezi alivyotuita ofisini kutupatanisha? Alikuwa Mchaga wa watu, hajui habari hizi. Alituombea, akatushikanisha mikono, na wewe ukasema "Amina" kwa sauti ya kinyonge kiasi kwamba nilijing'ata ulimi nisicheke. Tulipotoka nje tulikaa chini kwenye vumbi kwa kicheko.

Halafu kuna yale maumivu yako. Tulijua wote kwamba una selimundu, ule ugonjwa wa damu, uliisema wewe mwenyewe wiki ya kwanza kama mtu anayetaja namba ya kiatu. Yakikuanza kwenye magoti nilikuwa nabeba ndoo zote mbili, na wewe unatembea pembeni pole pole, mkono mmoja kiunoni, ukiwatangazia watu: "Ona, leo Mzaramo ndiye mpagazi na mimi ndiye bwana msafara!" Nilikuwa nakutukana njia nzima. Nyuma ya tusi nilikuwa nakutazama unavyoweka mguu. Natumaini ulijua.

Ulikwenda nyumbani likizo ya Desemba, nami nikaenda Mbagala. Nilikuwa jikoni nasaidia kukaanga maandazi simu ilipolia ujumbe wa kikundi cha darasa. Nilisoma nikidhani ni utani wako. Kweli kabisa, nilijua umekopa simu ya mtu ili unitishe, nikaandika: "Kufa haraka, nirithi sanduku." Kisha nikaona wenzetu wote wanaandika pole, pole, pole. Ulikuwa umefia hospitali Nzega alfajiri ile na mazishi yalikuwa kesho yake. Hakuna basi ambalo lingenifikisha. Mama alinishika mikono kwa sababu nilitaka kutoka hivyohivyo, unga hadi kwenye viwiko.

Hapo ndipo ninapotaka ufike, maana haya ya mbele huyajui.

Tuliporudi shule Januari tuliomba jina lako lisomwe kwenye mahafali na mama yako aje kupokea cheti chako. Mkuu wa shule alikubali bila kusita, na nampa haki yake. Risala tuliiandika darasa zima. Tulitaka iwe nzuri, Milembe. Kila mtu alileta neno lake zuri, nasi tukayapanga moja baada ya jingine, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama yanakuhusu.

Mama yako alifika asubuhi, kavaa kitenge cha kijani na kilemba chake, kabeba mfuko wa michembe kwa ajili yetu. Nilimwamkia shikamoo nikapiga goti, akasema marahaba, akanishika kidevu akanitazama. "Wewe ndiye Mzaramo?" Nikasema ndimi. Akatikisa kichwa. Ana macho yako yaleyale, sikuwa nimejiandaa.

Jina likasomwa. Tukasimama kimya. Mwenzetu akasoma risala kwenye kipaza sauti, akasema marehemu Milembe alikuwa binti mpole, mtulivu, mnyenyekevu, mwenye maneno machache, ambaye hakuwahi kumkwaza mtu. Watu wakafuta machozi. Nami nilifuta yangu. Mama yako alipokea cheti kwa mikono miwili, akarudi kukaa, na uso wake haukuwa na chozi wala kitu kingine chochote.

Wakati wa chakula nilimpelekea sahani chini ya turubai la wazazi. Alinivuta nikae. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya mazishi wajomba zako walimtafuta Mzaramo Nzega nzima, kwa sababu haikufaa uzikwe bila mtani. Wakampata fundi cherehani mmoja wa sokoni, mtu mzima, mstaarabu. Akafanya kazi yake kama mila inavyotaka. Alilala kando ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe jembe, ndiyo ada ya mtani, kisha akaanza kukutukana. Akasema marehemu alikuwa mlafi. Akasema marehemu alikuwa mchoyo. Watu wakacheka kwa heshima.

"Mwanangu hakuwa mlafi," mama yako akaniambia. "Chakula nilikuwa namlazimisha. Yule baba simlaumu, hakumjua. Nikasema moyoni, nitakwenda Tabora kwa waliosoma naye, huko nitamsikia. Sasa na nyinyi mnasema alikuwa mpole." Akaisogeza sahani. "Yule alimsema mtu mwingine, na nyinyi mmemsema mtu mwingine. Wangu yuko wapi? Basi la kurudi ni saa tisa."

Milembe, nilijua ninachotakiwa kufanya na niliogopa. Meza kuu ilikuwa pale, mgeni rasmi anakula kuku, mkuu wa shule pembeni yake, mwalimu wa nidhamu amesimama nyuma yao. Hatujapewa vyeti vya tabia bado. Wazazi wa wenzetu wamevaa suti. Mtu anayemtukana marehemu hadharani mbele ya mama mzazi, na wageni kutoka mikoa yote ambao hawajui utani huu, angeonekana amepandwa na mashetani. Nilikaa pale nikiangalia pilau kwenye sahani yake. Mama yako hakunisukuma. Alianza tu kukusanya mfuko wake.

Nikasimama. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ikatoka kubwa mno.

"Wanyamwezi, nani aliwapa ruhusa ya kumzika mpagazi wangu bila kuniita?"

Turubai lote likanigeukia. Nikaendelea kwa sababu kurudi nyuma kulikuwa kubaya zaidi. Nikasema huyo mpole mliyesomewa sijawahi kumwona. Milembe ninayemjua mimi alikuwa mwizi wa korosho. Alikuwa na mdomo mrefu kuliko reli ya Kigoma. Soksi zake akizivua zilikuwa zinasimama zenyewe pembeni ya kitanda zikimsubiri. Kwaya ya kanisa la Moraviani walimweka mstari wa nyuma kwa sababu alikuwa anaimba kama mbuzi aliyefungwa juani, na bado alikuwa anaomba aimbe peke yake. Mwalimu wa nidhamu akaanza kuja upande wangu. Nikamwona, nikasema kwa haraka kabla hajafika: "Na alikuwa mwongo! Kila Jumamosi ya usafi alikuwa anajifanya anaumwa. Halafu siku anaumwa kweli, anajifanya mzima!"

Hapo nikanyamaza. Sikuwa nimeishiwa maneno, Milembe. Nilinyamaza kwa sababu hapo ndipo wewe huwa unaingia. Ndiyo mahali pako pa kunikata kauli. Nilingoja kabisa, kwa mazoea, mdomo wazi, watu wote wakinitazama, na ndipo nikaelewa kwamba umekufa. Miezi yote ile nilikuwa nimelia na kuzoea na kusalimiana na binti wa kitanda chako, lakini sikuwa nimeelewa. Tusi lisilojibiwa ni tusi tu. Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu na kwa uchungu.

Kisha nikasikia kicheko. Mama yako alikuwa ameinama, kilemba kimeegemea upande mmoja, anacheka huku anapiga paja, na machozi yanamtoka yote pamoja. "Huyo!" alisema. "Huyo ndiye wangu!" Akanyanyua uso, akaninyooshea kidole mbele ya mgeni rasmi na kila mtu. "Na wewe Mzaramo mvivu, mazishi hukuja, kwenye pilau umewahi!"

Mzee mmoja wa Kisukuma, baba wa nani sijui, akaangua kicheko. Akina mama wa meza ya pili wakapiga vigelegele. Mwalimu wa nidhamu alisimama katikati ya njia hajui aende wapi, mwisho akachukua soda. Wenzetu wa HKL wakaanza kusema yao, mmoja mmoja, ya kuku wa jirani, ya siku ulipomwigiza mwalimu wa Historia naye yupo mlangoni. Mama yako alikuwa anageuka huku na huku kama mtu anayegawiwa kitu asitake kimpite. Basi la saa tisa liliondoka bila yeye. Alipanda la jioni.

Najuta, Milembe. Najuta kwamba darasa zima tulikusanya maneno mazuri ya kukuzika mara ya pili. Najuta kwamba mambo yote niliyoyapenda kwako niliyasema kwa matusi, kwa sababu ndivyo tulivyopatana, na sikupata siku hata moja ya kuyasema kwa lugha nyingine. Labda ungenicheka. Labda ungesema nimevunja mila. Lakini ningependa nicheke nawe nikiwa nimeshalisema: nilikupenda kama ndugu wa tumbo moja, mwizi wewe.

Mtihani wa taifa unaanza baada ya wiki chache, kisha kila mmoja ataelekea kwao, na wengine hatutaonana tena. Mimi sipiti moja kwa moja kwenda Dar. Mama yako amesema nishukie Nzega, atamtuma mdogo wako anipokee, na kwamba kuku wa mtani ameshatengwa. Nitakwenda. Nitakaa kwenye kaburi lako kama inavyotakiwa, nitakataa kuondoka mpaka wajomba zako wanitoe kwa jembe na kuku, na yeyote atakayethubutu kulia nitamtukana ukoo wake wote. Nakuahidi hakuna atakayekuita mpole tena nikiwa hai.

Lala salama, Milembe. Nitakusema kila kitu kwa sauti, kisha nitanyamaza kidogo, kama nilivyozoea, nikupe nafasi ya kujibu.

Mtani wako,
Mwanahawa