Fomu ya Chiriku

Nyumba ya Mchungaji wa Vijana,
Nyuma ya ukumbi wa kanisa.
2 Septemba

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamekupa nafuu hata kidogo. Shemeji je, bado anapanda paa kuziba matundu mwenyewe huku wewe umeshika ngazi unamgombeza? Na wapwa zangu, wote hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" makusudi, nawe utanielewa, maana ndiwe uliyenibeba mgongoni nilipokuwa sitaki kutembea.

Umezoea simu zangu za dakika mbili, ninazopiga huku natembea. Safari hii nimekaa. Nimefunga mlango wa ofisi, nimezima simu, nimeweka karatasi kwenye meza ninayoandikia mahubiri. Karatasi mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilianza kama mahubiri. Katika hii ya tatu ukikutana na mafundisho popote, uyaruke.

Likizo hii ndefu ilikuwa mbio tupu. Juma la kwanza tulipaka rangi viti vya ukumbi, vijana ishirini kwa brashi sita, na kila mmoja alirudi kwao amepakwa kuliko kiti. Juma la pili mafunzo ya watoto wadogo kila asubuhi na mazoezi ya kwaya kila jioni. Ikafuata mechi na makanisa jirani, kuwatembelea wagonjwa, na mashindano ya maswali ya Biblia ambapo tulishika nafasi ya pili na vijana wangu wakalia kana kwamba tumefiwa. Nilikonda hadi mkanda ukahitaji tundu jipya. Watu wakasema, mchungaji wewe ni mashine. Nilifurahi kuitwa mashine, dada. Hilo nalikiri.

Siku ya familia nayo ilikuwamo. Niliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni: Jumamosi, sisi watatu, bustani yenye bwawa. Asubuhi yake nikaona viti vya gari la kanisa vinakwenda vitupu, roho ikaniuma, nikapitia kwa wanakwaya watano. Pale bwawani kuna vimashua vya kupiga pedali, vya watu wawili wawili. Chiriku alikuwa amenisubiri tangu mwezi wa nne tupande pamoja. Nilipanda na kiongozi wa kwaya, kwa sababu tulikuwa hatujamaliza kupanga nyimbo za kambi. Binti yangu alibaki ukingoni ameshika viatu vyangu.

Huyo Chiriku ni yule yule uliyempa jina wewe, alipokuwa na miaka miwili na mdomo usiojua kupumzika. Sasa ana miaka kumi na mitano. Kila mtu humwita hivyo, hata walimu wake, ingawa siku hizi jina halimfai tena. Nitakueleza kwa nini.

Kambi ndiyo kilele cha kazi yangu. Vijana sitini na watatu, siku tano, katika shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Sheria yangu kubwa huko ni fomu. Niliitunga mwenyewe, kurasa mbili, na mzazi ndiye anayejaza: mtoto hali nini, dawa gani inamdhuru, anaogopa nini, rafiki yake wa karibu ni nani, akihuzunika hufanya nini, nani apigiwe simu kukitokea jambo. Makanisa mengine yameniomba nakala. Bila fomu hakuna kupanda basi. Mwaka huu mama mmoja alikuja na ukurasa mmoja tu, nikamsimamisha mbele ya wenzake. Akaandika ule wa pili pale pale kwenye ngazi za kanisa, karatasi juu ya goti, basi zima likimngoja. Nilimwambia, "Samahani mama, sheria haina mjomba wala shangazi." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Fomu ya Chiriku, mama yake alitaka kuijaza. Nikamwambia asijisumbue. Niliijaza nikiwa nimesimama, kwa muda usiozidi wa kunywa glasi ya maji. Niliandika jina lake, nikapiga mstari mrefu kurasa zote mbili, na juu ya mstari nikaandika: Binti yangu. Namfahamu.

Siku ya tatu ya kambi, mchana, alikanyaga msumari karibu na bomba la kunawia. Tunaye muuguzi mstaafu anayejitolea, tunamwita Sista Pamba kwa sababu hakosi pamba mfukoni, hata kwenye harusi. Alimsafisha kidonda vizuri, akatoa vidonge vya kuzuia usaha, akafungua faili la fomu. Kisha akanijia na ile karatasi yangu. Mimi nilikuwa na maikrofoni mkononi, napanga timu za mchana.

"Mchungaji, kuna dawa inayomkataa huyu? Fomu yake haina kitu."

Chiriku alikuwa pembeni yake, amesimama kwa mguu mmoja. Akasema, "Baba, ile ya mwaka juzi. Mama alisema nisipewe tena. Jina ndiyo silikumbuki."

Nami nikamjibu hivi, dada: "Ile ilikuwa tumbo tu, ulikula vibaya. Mpe, Sista. Huyu ni wangu, namjua."

Chiriku alinitazama, akavitazama vidonge, akameza. Alimeza kwa sababu mimi ni baba yake, na kwa sababu vijana sitini walikuwa wanamwangalia binti ya mchungaji atafanya nini.

Haikupita nusu saa nikamwona Sista Pamba anakimbia. Sijawahi kumwona mama yule akikimbia. Nilimkuta mwanangu midomo imevimba, shingo imevimba, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba. Tulimpakia garini, Sista amempakata nyuma, mimi naendesha. Nilijaribu kuomba. Miaka kumi na minane nimekuwa nikiwafundisha watu kuomba, na kinywa changu kikawa kinatoa njia tu: pinda kushoto, pita daraja, pinda kushoto.

Hospitali walimchoma sindano na kumwekea hewa. Daktari, kijana mpole, aliniuliza ni dawa gani ilimdhuru mwanzo. Sijui. Ilikuwa lini? Sijui vizuri. Ana pumu? Sijui. Uzito wake? Sijui. Alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Wifi yako alifika alasiri kwa gari la kukodi, akayajibu yote kabla hajatua mkoba chini. Daktari akatuambia kwamba tungechelewa dakika kumi zaidi angekuwa anazungumza nasi habari nyingine.

Usidhani mke wangu alinifokea. Ningeshukuru angenifokea. Tulikuwa kwenye benchi la korido, akasema taratibu tu, "Nilikuambia. Mwaka juzi, uliporudi kutoka ziara ya vijana. Ulikuwa mlangoni jikoni unafunga kamba za viatu unataka kutoka tena. Nikakutajia na jina la dawa. Ukasema, Mungu ni mwema, amepona. Ukaenda." Viatu nimevikumbuka. Vilikuwa vile vya kahawia. Maneno yake siyakumbuki hata moja.

Chiriku alilala wodini siku mbili, akatoka. Jumapili iliyofuata mchungaji mkuu alinisimamisha mbele ya kanisa na kusema kambi ya mwaka huu imefana kuliko zote, na kwamba adui alijaribu kuiharibu kwa kumgusa binti yetu lakini akashindwa. Akamwomba Chiriku naye asimame. Alisimama, akatabasamu kama tulivyomfundisha kutabasamu, huku mkono mmoja umeng'ang'ania gauni la mama yake. Watu wakapiga makofi. Ningeweza kusema neno. Nilisema amina.

Tangu siku ile sala hainitoki. Nafungua ibada, nafunga ibada, maneno yanajipanga yenyewe kwa mazoea, lakini nikiwa peke yangu napiga magoti na hakuna kitu. Najisikia kama bomba lililokatiwa maji. Sista Pamba amerudisha sanduku la dawa ofisini na hajaja kanisani majuma matatu, maana watu wanamnong'ona yeye. Nami nimewaacha wamnong'one. Jumapili hii nitasimama niwaambie ukweli wa ile fomu. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Unaweza kuuliza kama nimemwomba mtoto msamaha. Nilijaribu. Nilimkuta mezani anapanga madaftari yake, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Nikasema, "Mwanangu, leo nataka tuzungumze." Nilipofika kwenye sentensi ya pili akainamisha kichwa, akafumba macho na kufumbata mikono. Alidhani naanza sala. Nikaendelea kusema, sikujua nifanye nini kingine, naye akakaa vile vile hadi nilipoishiwa. Kisha akasema amina, akafumbua macho, akarudi kwenye madaftari. Hakunidhihaki, dada. Ndivyo alivyozoea sauti yangu.

Hana utovu wa adabu hata chembe. Asubuhi ananiamkia, chakula ananitengea, nikiingia ananipokea mkoba. Mdomo ule uliokuwa ukituchosha kwa maswali sasa unanipa "ndiyo baba" na "hapana baba," basi. Jikoni na mama yake nawasikia wanacheka. Nikikanyaga kizingiti, kicheko kinakatika kama redio iliyochomolewa.

Sasa nimefika kwenye lililonifanya nikae. Chiriku anaomba kuja kukaa kwako, asome huko muhula unaoanza mwezi huu. Alimtuma mama yake kuniambia. Nilikasirika, nikapandisha sauti, nikasema mtoto wangu hatalelewa na simu na barua. Wifi yako akaniuliza sasa hivi analelewa na nani. Basi nakuomba, dada yangu, kama nafasi ipo na shemeji ameridhika, mpokee. Anaweza kuondoka Jumatatu ya juma lijalo. Sikutumii mzigo. Nakutumia mtu ambaye sikumjua, na nimeanza kukata tamaa ya kumjua.

Nilitaka uwe na maelezo yake kamili, likitokea jambo usibabaike kama mimi. Nikachukua fomu mpya ya kambi, nikakaa nayo hapa hapa. Baada ya jina na tarehe ya kuzaliwa kalamu ilisimama. Rafiki yake wa karibu niliandika yule wa mtaa wa pili, kumbe alihama tangu mwaka jana. Akihuzunika hufanya nini, nikachora alama ya kuuliza. Mwishowe nikaenda kubisha mlango wake, nikampa ile karatasi na kalamu, nikamwomba aijaze mwenyewe.

Aliijaza vizuri, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Jina la dawa ameliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili. Utaona hali samaki wa kukaanga, jambo ambalo hata mimi nimelijua hapo kwenye fomu, kama wewe. Akihuzunika huhesabu vigae vya bafuni. Kwenye anaogopa nini ameandika "kuongea halafu mtu mkubwa aseme anajua."

Mwisho wa ukurasa wa pili, kwenye nani apigiwe simu kukitokea jambo, niliweka nafasi tatu nilipoitunga. Ya kwanza ameandika mama. Ya pili ameandika shangazi, na namba yako kaikariri, hakuuliza mtu. Ya tatu ameiacha wazi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na namba yangu haina tarakimu ngumu. Sikuandika, dada. Fomu hii ni yake.

Akifika kwako, ukimwuliza kitu, tulia umngoje. Huchukua muda kidogo kabla ya kujibu, usidhani amemaliza. Hilo pia nimeambiwa na mama yake.

Msalimie sana shemeji, mwambie ashuke paani kuna mgeni anakuja. Wasalimie wapwa zangu wote, hasa yule kitinda mimba asiyependa kuvaa viatu, na yule mama jirani yako aliyetushonea sare za harusi. Wifi yako anakusalimu, ataandika ya kwake. Mungu aitunze nyumba yako na kila anayelala ndani yake, na amsikie Chiriku pale mimi nilipomkatiza. Hiyo ndiyo sala ya kwanza iliyonitoka majuma matatu haya, nami nimeiacha hapa kwenye karatasi yako.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, akupendaye na anayekutegemea,

Baba Chiriku