Kumbukumbu ya Mwamuzi Ambaye Hakumuuliza Mwenzake

Ni mwaka mmoja leo, mwamuzi wetu, tangu utolewe mchezoni ukiwa bado unashikilia kwamba uko salama.

Shati lako la buluu bado limekunjwa kabatini, na brashi ndogo ingali mfukoni mwake. Mkeo hulitoa, hulikung'uta, kisha hulirudisha.

Siku tano za juma ulikuwa fundi viatu. Ya sita ulikuwa mwamuzi wa besiboli, na hiyo ndiyo uliyoiita kazi. Watoto wa mtaa walikuletea mipira iliyofumuka, nawe uliishona bure kwa uzi mwekundu, mishono mia moja na minane, huruki hata mmoja. Kwa brashi uliyofutia vumbi uwanjani ulifuta pia makombo ya mezani, na mgeni aliyechelewa kumaliza chai alijikuta akifutwa pamoja nayo. Ulipopaza "Nje!" kumtoa mchezaji, njiwa walihama paa la kiwanda, na siku moja kinyozi wa ng'ambo ya barabara alishtuka akamnyoa mteja nyusi zote mbili. Mteja alikuja kulalamika. Ukamwambia zilikuwa nje.

Ila kuuliza, ndugu yetu, hukujaliwa.

Wasioujua mchezo wajue hivi: mwamuzi mkuu husimama nyuma ya mdakaji. Mwenzake yuko kule kwenye kituo cha kwanza, na kutoka ubavuni anaona vizuri zaidi kama mpigaji amezungusha kigongo kweli au amekizuia katikati. Kocha akiwa na shaka huomba, "Muulize mwenzako." Waamuzi wengi huuliza, na kimo chao hakipungui. Lakini mwenzao hafungui mdomo mpaka aulizwe.

Mwenzako alikuwa shemeji yako, mdogo wake mkeo, mpiga picha za eksirei hospitalini. Misimu ishirini na miwili alisimama kule mikono nyuma, na hukuwahi kumuuliza hata saa ngapi.

Mara moja tu alijisahau. Ilikuwa msimu wa tatu. Akapaza sauti, "Shemeji, amezungusha yule!" Ukasimamisha mchezo, ukamwendea taratibu, uwanja mzima ukikutazama.

"Nilikuuliza?"

"Hapana, shemeji."

"Sema kwa sauti, wale wa nyuma hawakusikii."

"Hukuniuliza!"

Ukamtoa nje ya uzio mpaka mchezo ukaisha, na mvua ikamkuta hukohuko. Tangu siku hiyo watu wakamwita Nguzo. Mkeo alikusihi ukamwombe radhi mdogo wake. Uliinua kiganja. "Nimeshaamua." Ukala, ukalala, ukakoroma.

Kisha likaja tumbo. Mkeo alikukokota hospitali alasiri ile, umepinda kama msumari uliogongwa vibaya. Nguzo mwenyewe ndiye aliyekupiga picha. Akaileta kwa daktari, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Daktari aliiinua kwenye mwanga kwa muda wa kupiga chafya.

"Gesi hii. Nenda nyumbani, mzee wangu, upunguze maharage."

"Daktari, samahani," mkeo akasema. "Mtu huyu anatoka jasho la baridi. Chumba cha pili yupo mwenzako. Hebu muulize tu."

"Mama, nimeshaamua."

Ndipo wewe, mwenye tumbo gumu kama kibao cha kukatia soli, ukainua kiganja kumnyamazisha mkeo.

"Mwache mwenzangu afanye kazi yake. Mtu akishaamua, ameamua."

Daktari alifurahi mno, akakupigapiga begani. Hajapata mgonjwa mwenye adabu kama wewe.

Mkeo akamgeukia mdogo wake. Nguzo hakuwa akimtazama dada yake, wala picha, wala daktari. Alikuwa amekukazia macho wewe, kama alivyokuwa akikukazia kila Jumamosi, akingoja neno moja tu. Ulipita mbele yake ukifunga vifungo vya koti.

"Jumamosi uje mapema," ulimwambia. "Ile mistari ya chokaa msimu huu mnaipiga kama mmelewa."

"Sawa, shemeji."

Hukuiona Jumamosi. Utumbo ulikuwa umetoboka.

Siku tuliyokuzika, waombolezaji walipokwisha kuondoka, mkeo alimwita mdogo wake jikoni. Alikuwa akifuta sahani.

"Kwenye ile picha uliona kitu?"

"Niliona, dada. Hewa. Mstari mwembamba chini ya mbavu, mahali hewa haitakiwi kuwepo."

"Uliona."

"Hata mwanafunzi angeona."

"Na hukusema?"

"Hakuniuliza."

"Mimi je? Si nilikutazama?"

"Ulinitazama, dada. Hukuniuliza."

Mkeo aliiweka sahani mezani, akaisogeza kidogo ikae sawa na nyingine. Kisha akamwonyesha mlango kwa kidole gumba, mkono umekunjwa, kama ulivyokuwa ukiwaonyesha wachezaji.

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti zako wawili, yule mshonaji na yule dereva, kaka yako mkubwa, ambaye naye hukuwahi kumuuliza kitu, wajukuu watatu, na watoto wa mtaa, ambao mipira yao sasa inafumuka na kubaki imefumuka.

Shemeji yako hayumo. Tulimwomba mkeo amtaje, hata akiwa wa mwisho, hata kwa herufi ndogo. Binti yako dereva alimbembeleza: "Mama, basi tumuulize baba mkubwa anaonaje." Mkeo akainua kiganja, vidole vitano vimenyooka. Tulikiona kile kiganja tukadhani umerudi.

Nguzo yuko nje ya uzio wa nyumba tangu asubuhi, mikono nyuma. Manyunyu yameanza. Anatazama mlango, anangoja aulizwe, na huku ndani hakuna anayeuliza. Ulitufundisha vizuri, mwamuzi.

Tutakukumbuka daima. Na katika hilo hatukumuuliza mtu.