Esta, Nilisoma Neno, Sikusoma Mfano

Mdogo wangu Esta,

Nina miaka ishirini na sita katika kazi ya habari, na kazi hiyo imenizoesha kuanza na lililo zito. Uliniambia kwamba unaumwa. Uliniambia kabla ya mume wako, kabla ya mama, kabla ya daktari yeyote. Uliniambia mara tatu, kwa maandishi. Tulipokuzika, niliiacha familia yetu iamini kwamba hukumwambia mtu ila mumeo Maduhu, na kwamba Maduhu aliuficha ugonjwa wako. Kwa ajili hiyo watoto wako wawili walikaa miezi saba kwa mama, Mbozi, huku baba yao akikatazwa kuwachukua.

Naandika hadharani kwa sababu uongo wenyewe ulikuwa wa hadharani. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Wanaosoma hawajui kwamba tulikuwa na lugha yetu. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mitatu. Msimu wa kahawa tulisimamishwa pande mbili za kichanja tukichambua punje mbovu, na watu wazima walipita nyuma yetu kutwa nzima. Tulilosema kwa Kinyiha, lugha ya nyumbani, lilisikika, tulilosema kwa Kiswahili lilisikika. Watoto wenzetu walikuwa na mchezo wa kugeuza silabi, lakini wewe uliudharau. "Hiyo si lugha," ulisema. "Hicho ni Kiswahili kimevaa shati nje ndani." Ukasema tutengeneze yetu tangu mwanzo. Tukaiita Kivelu. Jina halikuwa na maana yoyote, na ndiyo sababu tulilichagua.

Ulikuwa mtu wa sheria tangu hapo. Tulinunua kauntabuku, ukaandika masharti kwenye ukurasa wa kwanza. Neno haliingii mpaka wote wawili tumelikubali. Anayeleta neno ataje maana yake na sentensi moja ya mfano. Na mfano lazima uwe uongo, tena uongo wa kuchekesha, ili daftari likikamatwa tusiadhibiwe kwa chochote kilichoandikwa humo. Ndiyo maana kurasa za mwanzo zimejaa mambo kama "Shangazi ameolewa na trekta" na "Mchungaji amekwama kwenye dirisha la jikoni." Baba alilikamata mara moja, akalisoma huku amesimama, akalirudisha bila neno. Baadaye nilimsikia akicheka chooni.

Watu wengi huacha michezo ya namna hiyo wakibalehe. Sisi hatukuacha. Mimi nilipokuwa mwandishi Vwawa, na wewe ukiandaa nyaraka za malori kwenye ofisi ya wakala wa forodha Tunduma, tuliendelea kwa ujumbe wa simu. Mpaka wa Zambia ulikufaa. Dereva aliyetoka Nakonde akiharakisha kugongewa mhuri hakuondoka kwenye dirisha lako bila kukuachia neno. Nakumbuka ulivyonipigia simu siku ulipogundua kwamba kwa Kibemba neno *mailo* ni jana na pia ni kesho.

"Sasa wanajuaje ni ipi?" nilikuuliza.

"Kitenzi kinawaambia, kaka. Neno lenyewe ni siku iliyo jirani na leo tu, mbele au nyuma. Si ajabu hiyo?"

Nyuma yako nilimsikia dereva akisema, "Sista, makaratasi yangu bwana! Kibemba utajifunza *mailo*." Mkacheka wote wawili.

Uliniambia pia jinsi Wanamwanga wa upande ule na wa upande huu wanavyosema lugha moja, lakini wa kule wakikwama hukopa Kiingereza, na wa huku hukopa Kiswahili. Ulipanga kuandika orodha ya maneno hayo. Nilikuambia itafaa kuwa makala. Nilikuwa nakuambia hivyo kuhusu mambo mengi.

Sasa nafika kwenye ujumbe wenyewe. Nimeunakili ulivyo, nikauhamishia kwenye Kiswahili neno kwa neno, kwa uangalifu ule ule ninaotumia kwenye maelezo ya shahidi.

Wa kwanza ulikuja wiki moja baada ya Pasaka. Nilikuwa Saza, kwenye machimbo, nikisubiri kuzungumza na wachimbaji. Uliandika: "Neno jipya: *golu*. Maana: kitu kigumu ndani ya mwili, hakiumi. Mfano: Ninacho kimoja upande wa moyo, ukubwa wa punje ya kahawa."

Nilitabasamu. Nilidhani umekumbuka kichanja. Nikajibu: "Tuna neno la jiwe. Linatosha."

Wa pili ulikuja wiki tatu baadaye. "Jiwe halikui. Hiki kinakua. Mfano: Sasa ni kama yai la njiwa."

Niliandika hivi, Esta, nayo iko kwenye simu yangu mpaka leo: "Hoja nzuri. Lakini mfano hauchekeshi."

Ulikaa kimya hadi mwezi wa saba. Kisha ukaandika: "Mfano mpya: Maduhu akijua kuhusu *golu*, ataacha ng'ombe porini aje anibebe mgongoni hadi Mbeya."

Huo ulinichekesha kweli. Maduhu, na ule urefu wake, akivuka mto Momba na wewe mgongoni. Nikajibu maneno mawili: "Neno limeingia." Nikalinakili kwenye kauntabuku kwa wino mweusi.

Kwetu kaka hamwulizi dada yake habari za mwili wake, wala dada hamwelezi kaka. Ulijua hivyo. Ulitafuta njia ya kuniambia bila wewe kuvunjiwa heshima wala mimi kuaibika, ukapata moja tu. Mimi, ambaye naishi kwa kusoma walichomaanisha watu nyuma ya walichosema, nikaketi na kuhariri kamusi.

Maduhu alinipigia mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. "Shemeji, tuko Mbeya, hospitali. Wamesema ni titi. Wamesema tumechelewa." Aliporudi kutoka kwa mifugo alikukuta umejifunga khanga kifuani, harufu ikiwa imeanza. Siku hiyo hiyo alikupeleka Mbeya. Nilifungua simu kabla hajakata, nikasoma upya. Ilinichukua chini ya dakika moja kuelewa nilichoshindwa kuelewa kwa miezi kumi.

Nilikukuta kitandani karibu na mlango. Ulikuwa umekonda hadi pete ulikuwa umeifunga uzi isidondoke. Maduhu alipotoka kutafuta uji, ulisema, "Ulikubali neno."

"Sikujua, Esta. Nilidhani ni mfano tu."

"Mimi nilidhani umeelewa, ila unaona haya kuandika. Nikasema, sawa, kaka anakuja. Kila Jumamosi nilikuwa napiga deki."

Kutoka Vwawa hadi Tunduma si mbali. Sikuja Jumamosi hata moja.

Ulikufa siku ya kumi na tisa. Hukuniomba nifiche. Naliandika hili ili mtu asije akadhani nilikuwa nalinda siri yako.

Siku ya kumaliza matanga, sebuleni kwa mama, shangazi ndiye aliyeanza. Alimketisha Maduhu kwenye kigoda katikati ya chumba.

"Ng'ombe akikohoa unamwita bwana mifugo. Mke akivimba unanyamaza?"

"Shangazi, sikujua."

"Hukujua! Mnalala kitanda kimoja, hukujua!"

"Nilikuwa bondeni na ng'ombe wiki nyingi. Nikirudi, alikuwa anavaa gauni kulala. Aliniambia ni baridi."

"Baridi ya Tunduma hiyo!" mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka. Walimcheka mtu aliyefiwa, mimi nikiwa miongoni mwao. Mwingine akasema Wasukuma humaliza waganga wote kwanza ndipo wakumbuke hospitali. Maduhu alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo mama akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye kazi ya kuhoji watu. Mwulize."

Nikamhoji. Nilimuuliza ulianza lini kukonda, aliona nini kwanza, alikwenda wapi kabla ya Mbeya. Nilimuuliza kwa sauti ile ya kazini, isiyopanda wala kushuka. Alinijibu kila swali, tena sawasawa, kwa kuwa hakuwa na cha kuficha. Majibu yake yalilingana na ujumbe wako kwa kila kitu, na simu yenye ujumbe huo ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nilipomaliza, mama aliuliza, "Unaonaje?" Nilisema, "Kuna mapengo." Kwa neno hilo wakaamua watoto wabaki.

Nimewahi kuandika habari za watu waliofanya mabaya kuliko hayo. Sikumbuki aliyeyafanya akiwa ametulia hivyo.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza kama ambavyo ningemuuliza mtu mwingine, na jibu ni fupi. Hakuna mtu mwingine duniani anayesoma Kivelu. Hata simu ingeibwa, hata mama angeishika mkononi, asingeona kitu. Nilikuwa salama kabisa. Sijapata kuwa salama namna ile katika jambo lolote, na usalama ule ulinishinda.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbozi kumpelekea mama dawa ya presha. Mwanao wa kwanza alinishika mkono akaniuliza, "Mjomba, baba alimfanya nini mama?" Hakuwa akilia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu. Shangazi alikuwa amemjibu tayari, na alitaka tu kuhakikisha.

Niliomba kikao Jumamosi iliyofuata. Maduhu naye aliitwa. Alikuja na shati la kanisani, akaketi kwenye kigoda kile kile bila kuambiwa. Nikamwomba anipishe, nikaketi mimi. Nilizisoma jumbe zote tatu, kwanza kama ulivyoziandika, kisha kwa Kiswahili, na majibu yangu pia, hata lile la mfano usiochekesha.

Shangazi alikuwa wa kwanza, kama kawaida. "Tutajuaje kwamba ndivyo alivyoandika? Lugha yenyewe unaijua peke yako. Labda umehongwa na shemeji yako."

"Shangazi," nilisema, "mtu hahongwi ili ajishitaki mwenyewe."

Nilimpa mama kauntabuku. Mama alisoma darasa la saba na anasoma vizuri. Alipekua hadi kwenye *golu* akauona mwandiko wangu, na maana kwa Kiswahili pembeni, na mwezi. Hakunitazama. Alikwenda chumbani, tukamsikia akifungua kabati, akarudi na nguo za watoto ndani ya mfuko wa salfeti, akaziweka miguuni pa Maduhu. "Baba," alimwambia, na hakuwahi kumwita hivyo tangu alipokuoa, "wapeleke nyumbani kabla mvua haijanyesha."

Kwangu hakusema kitu. Hajasema mpaka leo. Nikipiga, simu inapokelewa na jirani.

Anayenipigia ni Maduhu. Sikutarajia. Jumapili ya kwanza alisema watoto wamefika salama, wamekula ugali na maziwa. Kisha akauliza, "Aliandika mengine?"

Nikamwambia yapo ya miaka mingi.

"Nisomee."

Basi kila Jumapili baada ya ibada namsomea. Hasemi mengi. Wakati mwingine husema, "Endelea." Alicheka kwenye mfano wako wa kondakta wa Zambia na bata. Sijamsikia akinilaumu, na nimeacha kusubiri anilaumu.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye neno ulilolileta mwaka wa kwanza wa ndoa yenu: *welamo*. Maana yake uliandika: mtu anayesimama mlangoni akikutazama hadi upotee njiani, kisha anasimama kidogo tena. Mfano ulikuwa kuhusu mbuzi aliyevaa tai. Nilimsomea vyote.

"Huyo ni mimi," alisema. "Alikuwa akienda kazini asubuhi."

"Ni wewe."

"Ulilikubali?"

Nilipekua kutafuta jibu langu, ingawa nililijua. "Nililikataa. Niliandika kwamba halina matumizi."

Hakuuliza sababu. Aliuliza linatamkwaje. Nikamtamkia. Alirudia mara tatu, kila mara akikosea pale pale, polepole, na mara ya tatu nilisikia watoto wakirudia naye.

Wako wazima wote watatu. Hilo ndilo la kukupa.

Mimi kaka yako, niliyechelewa.