Masizi ya Birika la Mama

Jumatatu, 8 Mei
Baba ameanza picha mpya, na jikoni hapaingiliki. Mezani kapanga birika la shaba la chokoleti na upekecho wake, mtungi wenye pengo mdomoni, mkate, jibini, vitunguu saumu. Vyote vya marehemu mama — isipokuwa vya kula, jamani. Marufuku kugusa. Madrid nzima asubuhi inakunywa chokoleti, sisi tumekunywa maji!

Simlaumu. Alhamisi ya wiki ijayo naolewa kwenda Segovia, kwa Fermín wangu, na vyombo alivyoniachia mama vinakwenda nami. Baba anataka abaki navyo japo kwa rangi.

Jumatano, 10 Mei
Nimekula picha. Nilikuwa na usingizi, nikaukata ule mkate, nikaja kuzinduka ninatafuna. Baba akasema hii ndiyo kazi yake ya kwanza kuliwa kabla haijakauka. Kisha akaufuta mkate wa zamani na kuuchora upya, na kona niliyoikata.

Picha ni nzuri mno. Jibini linatoa jasho. Kilichobaki ni masizi ya birika, ubavu wa kushoto, pale mama alipokuwa akiliegemeza motoni. Baba ameyaacha yawe ya mwisho kuchorwa. Nampenda mzee huyu, na kiburi chake chote.

Jumamosi, 13 Mei
Amefika shangazi yake Fermín, Doña Remigia. Vyombo vya bibi harusi vitatandazwa Jumatano, majirani waje waone. Kapitisha kidole kila mahali. Kwao Segovia, anasema, shaba ya bibi harusi hung'aa mpaka mtu ajione meno. Sawa, shangazi.

Jumatatu, 15 Mei
Sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Baba alikwenda ng'ambo ya mto kunywa maji ya chemchemi pamoja na watu wote. Mimi nikabaki na majivu na ndimu. Nikasugua sufuria, nikasugua vinara. Nikasugua na birika.

Birika! Nilikuwa naimba hata!

Baba alirudi na maua kofiani. Akalitazama birika kwa muda mrefu. Hakunigombeza, bora angenigombeza.

"Masizi yale mama yako aliyaweka kila asubuhi, mwanangu," alisema. Basi.

Mikono yangu bado inanuka ndimu.

Jumanne, 16 Mei
Amejaribu kuyachora kwa kukumbuka, akafuta. Akajaribu tena, akafuta. Hawezi kuchora asichokiona — angeweza, angechora malaika kama wenzake, nasi tungekuwa tunakula nyama. Nikamwomba abaki na birika lenyewe. Akakataa: "Mama yako alisema ni lako, na neno la mama yako halipinduliwi na mimi."

Kwa hiyo atabaki bila birika, na picha yenye ubavu mtupu. Kwa ajili yangu. Nimelia stoo, kati ya vitunguu.

Jumatano, 17 Mei
Majirani wamekuja, wamesifu. Doña Remigia kajiona meno.

Alhamisi, 18 Mei
Gari la nyumbu limefika asubuhi hii. Kila kitu kimefungwa kwenye majani makavu, isipokuwa birika, nililokuwa nimelikumbatia. Baba akanibusu, akaniambia nisimcheleweshe bwana harusi. Nikashuka ngazi. Nikafika mlangoni. Nikarudi.

Nimewasha kuni za msonobari, zile mbichi mama alizokuwa akizilaani kwa moshi. Nimetia maji, nimetia chokoleti, nimeliegemeza birika. Doña Remigia kapanda akihema, akauliza nimeingiwa na nini, shaba yote ile! Nikamwambia Fermín alisubiri mwaka mzima, asubuhi moja haitamuua. Nikampa kikombe. Kakaa. Sasa anakunywa na kununa kwa pamoja.

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili unapekecha. Hili ni birika la pili la asubuhi. Ubavuni kumeingia kivuli chembamba, rangi ya ganda la mkate. Bado sana.

Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Sasa kavuta kiti. Kachovya burashi.

"Kushoto zaidi," amesema. "Yeye alikuwa analilaza kushoto zaidi."

Nimelisogeza. Mwenye nyumbu anagonga mlango tena huko chini. Doña Remigia ameinuka — nilidhani anaondoka. Ameleta kuni.