Ratiba ya Kelele

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi pazuri, na magoti yamepunguza ukaidi. Sisi huku tu wazima. Mkweo anakusalimu sana. Wajukuu wako wawili waligombania nani aandike salamu zake kwanza, mwishowe hakuandika hata mmoja.

Kwa heshima na taadhima napenda kukutangazia kwamba mtaa wetu sasa una Ratiba ya Kelele. Imeandikwa kwa wino mwekundu, imebandikwa langoni kwangu, na pande zote zimeikubali: Jumamosi, saa saba mchana hadi saa kumi. Jumapili ni nyundo peke yake, tena kwa adabu.

Sababu ni kwamba ninajenga. Ndiyo, mimi. Usicheke kwanza. Kila wikendi ninajenga chumba nyuma ya jiko, kwa mikono hii hii unayoijua. Kuta zimesimama, bati limelala juu yake. Kilichobaki ni kutoboa ukuta wa jiko ili nipate mlango, na kwa kazi hiyo nimeazima mashine ambayo ikinguruma, vikombe vya jirani vinatembea kabatini.

Nyumba zetu zimeungana kuta, kwa hiyo kabla hujawabomolea watu usingizi ni lazima uwapigie hodi. Nilipita mlango kwa mlango. Muuguzi wa kushoto, anayefanya zamu ya usiku, alisema huamka saa saba, na atakayemwamsha kabla ya hapo ajiandae kuwa mgonjwa. Ndivyo saa saba ilivyoingia kwenye ratiba. Ng'ambo ya njia kuna mwalimu mstaafu tunayemwita Mzee Kimya, kwa neno alilowapigia watoto kelele miaka thelathini. Huyo nilijua atapinga. Akaridhia upesi mno. Lakini walionishangaza ni muuza viatu wa kulia na mkewe, waliouliza kama nisingeweza kuongeza nusu saa.

Baada ya wiki mbili nikaelewa. Wale wawili huweka akiba ya ugomvi wiki nzima, kisha huja kuutumia chini ya ngurumo ya mashine yangu ili watu wasisikie. Nikiipumzisha nifute jasho, nanasa mkia wa neno, kisha wananyamaza wakinisubiri niendelee. Mzee Kimya naye anajifunza filimbi, Mungu amsaidie. Nimegeuka mtoa huduma, Baba. Jumamosi moja niliumwa kichwa nikapumzika, mke wa muuza viatu akaja kuuliza kulikoni, uso umemvimba kwa maneno.

Nami nilikuwa na langu.

Jumamosi iliyopita, kwenye saa tisa, umeme ulikatika. Mashine ikafa ghafla bila kumuaga mtu. Kulia kwangu mke wa muuza viatu akasikika akimweleza mumewe kwamba meza si kabati la soksi. Ng'ambo, filimbi ikalia kama birika lililosahauliwa jikoni. Na jikoni kwangu, kwa nguvu zote za kifua, ikatoka sauti yangu mwenyewe:

"Baba, nisamehe, nilikukosea."

Mtaa mzima ulisikia. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Baadaye muuguzi akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Jirani, huyo baba yako anakaa huku kwetu?"

Nikamjibu kwamba hakai huku.

"Basi mwandikie. Sisi tumeshasikia."

Ndiyo maana ninaandika. Tangu nianze kutoboa ukuta nimekuwa nikiyafanyia mazoezi maneno hayo chini ya mashine, kwa kuwa pasipo kelele ulimi wangu hugoma. Miaka minne iliyopita ulikuja hapa na mwiko wako kwenye mfuko, ukasema utanijengea chumba hiki hiki. Nami, mbele ya wenzangu wa ofisini, nikakujibu kwamba nitatafuta fundi wa kweli. Ulimaliza chai yako, ukamuaga kila mtu kwa adabu, ukaondoka. Tangu siku ile salamu zetu zinapita kwa dada kama vile sisi ni wageni.

Baba, siku ile niliionea haya saruji iliyokuwa kwenye kucha zako, na saruji hiyo ndiyo iliyonilipia karo mpaka nikapata hao wenzangu wa ofisini. Sasa iko kwenye kucha zangu. Nimesugua, haitoki, na nimeacha kusugua.

Chumba ni chako. Hakina ngazi hata moja, kwa ajili ya magoti. Njoo ukae, au njoo wiki moja, au njoo unicheke tu urudi. Ukiona umechelewa kunijibu, sitahesabu siku. Nitajua unafikiri, na nitaendelea na plasta.

Msalimie dada na wote wanaoniulizia. Wasioniulizia wasalimie pia, huenda wamesahau tu. Nakuaga kwa heshima na kwa mapenzi,

Mwanao, kitinda mimba wako.

Jambo moja limenipita. Chumba hakina dirisha. Nilisahau kuliachia nafasi; njoo na mwiko wako.