Radhi ya Kupitwa

Antwerp, 5 Novemba

Dada Fraida mpendwa,

Habari za Gateshead? Natumaini kifua kimepona na wanafunzi wako wanakuachia sauti kidogo. Huku sote wazima. Mama analalamikia mgongo, Baba anamlalamikia Mama.

Naandika mimi kwa sababu wengine wameshindwa. Dada yetu Zisel amepata mchumba, Anshel, fundi saa. Mpole, na anacheka hata vichekesho vya Baba. Lakini Baba anasema akina mama wa pande mbili hawatavunja sahani ya uchumba, kama desturi yetu, mpaka wewe, mkubwa, utoe radhi ya kupitwa katika ndoa. Zisel anapiga simu, hupokei. Mama yake Anshel anasema wasipopata jibu kabla ya sikukuu ya Hanuka, wataangalia kwingine.

Neno moja tu, Dada.

Darasani tunasoma habari za Lea na Raheli. Wahenga wetu wa Kiyahudi wanasema macho ya Lea yalidhoofika kwa kulia, kwa kuwa watu walisema binti mkubwa ataolewa na mwana mkubwa, yaani Esau, kaka yake Yakobo. Nilikukumbuka.

Mdogo wako,
Perla

Gateshead, 14 Novemba

Perla mdogo wangu,

Kifua kizima, asante. Wasalimie wote, na Mama ajipumzishe.

Kwa hiyo mimi ndiye Lea? Macho yangu mazima, bibie. Nikija nyumbani, Shangazi Brucha hunipapasa shavu kama unga uliokataa kuumuka. "Mungu akipenda, na wewe!" Sasa nawe umeanza?

Sijamkataza Zisel kuolewa. Lakini mara ya mwisho nilipopokea simu yake, Mama alikuwa pembeni ananong'ona, "Muulize sasa, muulize." Radhi haigongwi kama muhuri wa posta.

Lea alimwambia Raheli, "Ni jambo dogo wewe kumchukua mume wangu?" Siku hizi namwelewa.

Dada yako,
Fraida

Antwerp, 16 Novemba

Dada,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nimekasirika, kwa hiyo salamu ni fupi.

Maneno hayo ya Lea niliyauliza darasani, mimi nisiyeinua mkono. Lea alithubutuje? Yakobo na Raheli walipatana ishara za siri ili Labani, baba wa mabinti, asimbadilishe bibi harusi, naye Raheli akampa dada yake zile ishara asije akaaibika. Mwalimu akajibu kwamba wafafanuzi wengine wanasema Lea hakujua. Alidhani yote yalipangwa na baba yao. Raheli hakumwambia kamwe.

Nilitamani kupiga kelele: mtu amwambie!

Basi nakwambia. Mwaka juzi mshenga alimletea Zisel kijana, na Zisel alimpenda. Alimkataa ili usipitwe. Akatuambia, "Anaongea kama redio." Uongo mtupu. Alinisihi ninyamaze. Bado ni vigumu kutoa radhi?

Mdogo wako,
Perla

Antwerp, 1 Desemba

Dada Fraida,

U mzima? Hujajibu. Hanuka imekaribia, na mama yake Anshel amepiga simu tena. Zisel amelirudisha gauni jipya kabatini, anasema halina haraka. Mama halalamiki tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Kama una hasira, nikasirikie mimi. Usimwadhibu yeye.

Mdogo wako,
Perla

Gateshead, 6 Desemba

Perla,

Natumaini mko salama, na kwamba nyumba ina kelele tena.

Jana nilimpigia Zisel mwenyewe. Nilimpa radhi, nikamwomba msamaha kwa zile simu. Alilia. Kisha akauliza, "Kuna mtu amekwambia kitu?" Nikasema, "Aniambie nini? Nakutakia heri, basi."

Ulitamani Lea aambiwe. Acha nikueleze inavyokuwa ukiambiwa. Mwaka juzi, nikiwa bado nyumbani, niliomba kila asubuhi nipate mume, na kumbe upande wa pili wa ukuta mdogo wangu alikuwa anamfukuza wa kwake kwa ajili yangu. Nikimfikiria, naona haya kabla ya furaha.

Na radhi ningeitoa, Perla. Nilikuwa nimeshaanza kulainika. Ningempa kama zawadi yangu, kitu pekee ambacho mkubwa anaweza kumpa mdogo siku kama hiyo. Sasa nimelipa deni tu. Hilo umeninyang'anya, tena kwa nia njema, ndiyo maana hata kukugombeza vizuri nashindwa.

Nitakuja siku ya sahani. Nitamshika Zisel mikono, nitacheza naye mpaka jasho litutoke. Wewe kaa mbali kidogo. Tena usitutazame kama mtu anayejua.

Dada yako,
Fraida