Vitambaa vya Kompyuta za Ngoingwa

Ngoingwa, Thika
Alhamisi, 24 Juni 1999

Kwako dada yangu mpendwa, Mama Munyao,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku, uzipokee kwa mikono miwili na nyingine zibaki mlangoni. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Munyao alipona kile kikohozi, au bado anajifanya mwanamume wa kukataa sweta? Hapa tu wazima. Baba Kaluki yuko, anafuga kuku wake na kuwaita kwa majina. Ng'ombe alizaa, na mahindi yamesimama vizuri ingawa mvua ilituringia. Mimi mwili ni mzima. Ni moyo ndio ulioshtuka wiki mbili zilizopita na mpaka leo haujarudi mahali pake. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kungoja tuonane. Tukionana nitaanza kumsifu mtoto wangu kama unavyonijua, tutacheka, na neno lenyewe litapita.

Hata hivyo wacha nimsifu kidogo, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kilichotokea. Unajua Kaluki ni msichana wa namna gani. Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wananiita si kwa sababu ya makosa, bali kuniuliza nampa chakula gani. Sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu, amepanga chumba pale Kahawa Wendani na wenzake wawili, na kila Jumamosi asubuhi anafika nyumbani bila kukosa. Watoto wa watu wengine wakifika chuo wanasahau njia ya kwao. Wangu, hapana.

Desemba iliyopita alisikia kwamba ofisi moja hapo kwenu Ruiru inatupa kompyuta kumi na moja. Walisema ni za zamani na mwaka elfu mbili ukifika zitachanganyikiwa, hazitajua ni mwaka gani. Zilikuwa zimerundikwa nyuma ya kibanda cha askari, na paka alikuwa amezaa ndani ya moja. Kaluki aliingia kwa mkubwa wao, akaomba, akatoka na barua iliyopigwa muhuri. Mzee Bedan, mwenyekiti wa ukumbi wetu wa akina mama, alitoa pikapu yake tukazileta. Ngoingwa nzima ilicheka. Kuna mama mmoja aliniuliza kama mimi Nduku sasa nimefungua biashara ya vyuma chakavu. Nilinyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwangu ni kazi.

Kaluki alinieleza kwamba mashine hazikuwa zimekufa. Programu za siku hizi ni nzito, alisema, na hizi ni kama mzee anayebebeshwa gunia la vijana. Dawa yake aliita Linux. Ndiyo inayoendesha kompyuta kutoka ndani, imeandikwa na watu wa nchi nyingi wakagawiana, na hakuna anayekatazwa kuinakili. Nilimwambia kitu kisichokatazwa lazima kiwe na kasoro, naye akacheka akasema hicho ndicho watu wote husema. Mwenzake wa darasani, kijana Farouk, alimnakilia kwenye disketi, furushi limefungwa kwa raba. Basi likizo yote ya Krismasi mtoto alikuwa ukumbini, anaingiza disketi ya kwanza, anatoa, anaingiza ya pili. Wakati mwingine alifika ya tisa ikawa mbovu, akaanza tena kutoka mwanzo bila kusonya. Alitoa kipande hapa akakitia pale, na kutoka kwa kumi na moja akapata sita zinazofanya kazi.

Siku moja ilipowaka kwa mara ya kwanza aliniita. Skrini ilikuwa nyeusi na maandishi meupe, basi. Nikamwuliza picha ziko wapi. Akaniambia hii haina madoido, ndiyo maana ni nyepesi, kisha akaandika NDUKU na jina langu likakaa pale linang'aa. Dada, niliketi chini.

Februari tukafungua darasa la kuchapa, wasichana kumi na wanane waliomaliza shule na kukaa nyumbani. Mtihani wao ni mwisho wa Julai, na kuna ofisi za hapa Thika zilizosema zitawachukua watakaopita. Mwalimu tuliyemwajiri anaitwa Aoko, mama kijana mwenye mtoto mmoja, anaishi Mwihoko, alikuwa anakuja Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi Kaluki anakagua mashine. Mimi ndiye ninayeshika funguo za ukumbi, kwa hivyo unaweza kuwaza nilivyotembea mjini. Mpaka mama wa nyanya sokoni alijua neno Linux.

Nami sikukaa bure. Nyumba yangu umeiona, hakuna kiti wala redio iliyo uchi. Ningewezaje kuacha kompyuta za mtoto wangu zipigwe na vumbi la Ngoingwa? Nilinunua nyuzi, nikafuma vitambaa sita, vyeupe vyenye maua ya waridi, na ndani nikatia kitambaa kizito ili vikae vizuri. Kila kimoja nilikishonea rinda linaloshuka nyuma mpaka mezani, na mbele nikaacha nafasi ya disketi na kidude cha kuwashia. Nilitoa amri kwamba wakifanya kazi wasivitoe. Ijumaa jioni navikusanya, Jumamosi nafua, navitia wanga, navianika, na Jumapili baada ya kanisa navirudisha vimenyooka kama nguo za arusi. Wageni walikuwa wanapiga picha.

Mwezi haukuisha kabla mashine hazijaanza kuganda. Zinawaka vizuri asubuhi, lakini ikifika saa nne moja inanyamaza na herufi zimesimama, halafu jirani yake. Wasichana wanapoteza walichoandika. Kaluki akija Jumamosi, zinafanya kazi kutwa bila hata kukohoa. Alifungua, akafunga, akaweka Linux upya kwa mbili kati ya hizo, akarudi chuo akijua amemaliza. Jumatatu saa nne, zinaganda. Watu wakaanza kusema ni hiyo system ya bure, kwamba Kaluki alituletea ugonjwa ndani ya disketi. Mzee Bedan mwenyewe aliniambia kwa upole kwamba pengine tuziuze kwa mtu wa vyuma kabla ya mtihani. Nililia chooni.

Tukamwita fundi wa mjini, Kilonzo. Alipata nafasi Jumamosi. Alikaa nazo kwa saa tano, akanywa chai yangu vikombe vitatu, hakuona kitu. Akasema mashine hizi hazina ugonjwa, ugonjwa uko kwa watu.

Hilo neno ndilo nililoingia nalo kwenye mkutano wa kamati mwezi wa tano. Nilisimama, dada, na unajua nikisimama. Nikauliza, ni nani yuko na mashine siku zinapougua, na ni nani yuko nazo siku zikiwa nzima? Nikasema mtu anaweza kuona wivu kwa msichana mdogo anayemzidi akili. Nikasema na la kabila pia, ingawa sikulitaja, nilisema tu kwamba tulimchukua mtu wa mbali wakati watoto wetu wako. Mzee Bedan alimwuliza Aoko kama ana la kusema. Aoko hakusema. Alinitazama mimi tu. Wakasema ni macho ya hatia, na siku hiyo hiyo wakamwachisha kazi.

Nilirudi nyumbani nikaimba jikoni.

Sasa sikiliza. Wiki ya pili ya mwezi huu chuo kilifungwa kwa sababu ya migomo yao, Kaluki akaja katikati ya wiki. Jumatano akaenda ukumbini kufungua tena darasa lililolala tangu Aoko aondoke. Mimi nilikuwa nafagia nyuma. Saa nne mashine mbili ziliganda mbele ya macho yake, na Aoko hayuko, yuko kwake Mwihoko na mtoto wake. Niliona Kaluki amesimama hajui pa kuanzia. Kisha akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, chini ya rinda, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria. Akafungua kamba za kitambaa, akakivua. Kuna feni ndogo pale nyuma ambayo ndiyo pua ya mashine. Ilikuwa imejaa nyuzi nyeupe. Nyuzi zangu.

Hakupiga kelele. Alivivua vyote, akangoja zipoe, akaziwasha, zikafanya kazi mpaka jioni. Kesho yake akakirudisha kitambaa kimoja tu kwa mashine moja, akaacha tano wazi. Saa nne na robo ile moja ikaganda. Tano hazikujua hata ni siku gani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. Nilikuwa nikifua sumu kila Jumamosi na kuipiga pasi, na ndiyo sababu Jumamosi ilikuwa siku ya afya.

Kaluki alikuja akanishika bega. Akaniambia nisijilaumu sana, kwamba kitu kama hicho hata wanafunzi wenzake wasingekiona, na kwamba hukujua, mama, hukujua. Akasema kilichobaki ni kumrudishia Aoko kazi yake na jina lake, na akaniachia mimi niseme kwa kamati kwa sababu ni mimi niliyesema mwanzo. Nilimwambia anipe siku kidogo. Wiki mbili zimepita. Haniulizi tena. Anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani.

Na hapo ndipo neno lenyewe liko, Mama Munyao. Mtoto wangu anadhani sikujua.

Nilijua. Ilikuwa mwezi wa tatu, Jumanne, nafunga ukumbi. Aoko alibaki nyuma wasichana wote wakienda. Akaniita mama, kwa heshima, akaniomba nisikasirike. Akasema ameshika migongo ya zile mashine na zinachoma, anafikiri ni vitambaa. Akasema angevitoa mwenyewe, lakini kwa vile ni kazi ya mikono yangu na ni mradi wa mtoto wangu, ameona aniambie mimi peke yangu, na hatamwambia mtu mwingine. Nilimjibu kwamba siku atakapokuwa na viti vya kufunikwa ndipo atanifundisha vitambaa. Alichukua mkoba wake, akaenda.

Usiniulize kama sikumwamini. Alipopotea kwenye kona nilirudi ndani nikaweka mkono. Palikuwa pa moto. Nikajiambia hata redio ya Baba Kaluki hupata moto na haifi. Asubuhi yake nikashonea vitambaa vyote kamba za kufungia, ili asivivue.

Kwa hivyo siku ile ya kamati aliponitazama, hayakuwa macho ya hatia. Alikuwa ananipa nafasi niseme. Alitunza ahadi yake hata pale mkutanoni ilipokuwa inamkata, na mimi nikaketi nikarekebisha leso yangu. Wivu niliomsingizia ulikuwa wangu. Nilitaka kila anayeingia pale aone akili ya Kaluki, na kabla hajaiona, aone mkono wa mama yake.

Hili sijamwambia hata Baba Kaluki. Nimemwomba Mzee Bedan aite kamati Jumapili baada ya kanisa, akadhani nataka kupendekeza mwalimu mpya. Nitasimama niseme kila kitu, pamoja na ile Jumanne na kamba. Wakitaka funguo nitawapa. Lakini sitaki Aoko asikie kutoka kwa watu. Nitafika kwako Jumamosi mapema. Wewe unakujua Mwihoko kuliko mimi, nionyeshe ploti anayokaa, kisha ubaki nje. Usinisemee, dada. Ukianza kusema mdogo wangu hakuwa na nia mbaya nitashika hilo neno nijifiche nyuma yake, najijua. Na asipotaka kurudi, au akitaka kunifukuza mlangoni, tutarudi tukanywe uji.

Nisalimie shemeji, mwambie ile mbegu ya maharagwe aliyoomba nimemwekea. Msalimie Munyao, na yule bibi wa jirani yako anayenicheka nikiongea. Baba Kaluki anawasalimu wote.

Chuo kimefunguliwa, kwa hivyo barua hii inaletwa na Kaluki mwenyewe kesho akipitia kwako. Bahasha sikuifunga. Nilimwambia ni ya kwako lakini akitaka kuisoma njiani asome, hakuna ndani neno ninalomficha tena. Ukimfungulia mlango mtazame usoni kabla hujamwuliza habari ya masomo. Kama amesoma, mpe chai, akae. Na akisema lolote juu yangu, dada, usinitetee.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Nduku